Kizingia cha maji kwenye bati la zinki

Chapa yangu ya kwanza ya rangi, yaani picha inayochapwa kwenye karatasi kutoka bati la zinki lililotiwa wino, ilitoka kama maji ya Rufiji mwezi wa nne, tope tupu, kahawia isiyo na jina, na mimi nilikuwa nimeweka bluu, nyekundu na njano. Niliinua karatasi kutoka kwenye bati taratibu kama nilivyofundishwa, pembe moja kwanza, watu wanne wako nyuma yangu wanachungulia, halafu kimya. Mmoja akacheka kwa pua. Na mi nikacheka ili isionekane nimeumia lakini nilikuwa nimeumia haswa, lile bati lilikuwa limenila wiki tatu.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka 2012 nilipata skolashipu ya kwenda India, nikaangukia chuo kimoja Gujarat. Nilichoomba ni ubunifu wa matangazo, nilishajiona narudi Dar nafungua kaofisi kangu Kinondoni na kompyuta mbili na kiyoyozi, nimefika naambiwa huko kumejaa, nafasi iliyopo ni uchapaji wa sanaa. Nikauliza uchapaji gani, wa vitabu? Hapana, echingi (kuchimba bati kwa asidi halafu kulichapa), ukataji wa mbao, chapa za jiwe, vitu ambavyo sijawahi kuvisikia tangu nizaliwe. Nikapiga simu nyumbani Utete, mama akasema mwanangu si umeshafika, kaa usome. Basi nikakaa.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza kule ni maneno. Mtu yuko karakana anaongea Kigujarati chake, katikati ya sentensi nasikia chapa. Nikadhani masikio yangu. Kumbe neno tumelitoa kwao, wanasema chhap, na gazeti kwa Kigujarati ni chhapu, na rangi kwao ni rang. Nikajisikia nyumbani kidogo. Halafu kulikuwa na mzee mmoja fundi wa karakana, kazi yake kutunza mashine na asidi, kila mtu anamwita Kaka. Mzee ana mvi kichwa kizima! Mwezi mzima nilikuwa namwita kwa raha zangu nikijua namwita kaka kama kaka wa kwetu, ndo nikaja kuambiwa kwao kaka ni baba mdogo. Kwa hiyo nilikuwa namheshimu vizuri tu bila kujua. Huyu mzee namtaja kwa sababu kama sio yeye ningerudi na tope langu mpaka Utete.

Sasa ile chapa ya tope. Mwalimu wetu (kule mwalimu haitwi mwalimu, ni Sir, hata mkimsengenya mnasema Sir) hakusema kitu siku ile. Siku ya tatu akaniita, akafungua droo ya chini kabisa ya kabati la chuma, ile droo pana ya karatasi, akatoa kitu kimefungwa kwenye karatasi laini nyeupe. Akaniambia kanawe mikono kwanza. Nikaenda nikanawa. Nimerudi, akaniambia kanawe tena.

Ilikuwa chapa ya Krishna Reddy, msanii wa Kihindi, inaitwa Whirlpool, ya mwaka 1963. Whirlpool ni kizingia cha maji, pale mtoni maji yanapozunguka na kuvuta kitu chini. Sir alisoma kwa huyo Reddy New York miaka ya 80 na hiyo chapa alirudi nayo, ndo mali yake kubwa kuliko pikipiki yake na pengine kuliko nyumba yake.

Sio kubwa, haizidi gazeti lililofunguliwa. Lakini ukiitazama macho hayapati pa kukaa. Kuna bluu nyingi, bluu ya kina sio ya anga, halafu ndani ya bluu kuna joto joto fulani, machungwa, waridi, vitu vinavyowaka kwa chini, na mistari membamba kama nywele inatoka katikati kwenda nje, au inatoka nje kuja katikati, hujui, inategemea umeanza kutazama wapi. Hakuna mtumbwi, hakuna mtu, hakuna ukingo. Ni maji tu, na hata maji yenyewe hayajachorwa kama maji, imechorwa ile nguvu inayoyavuta. Nikasogea karibu ikavunjika, ikawa nukta nukta za rangi zimekaa pembeni kwa pembeni kama punje za mchanga, hazijachanganyika, nikarudi nyuma ikajiunga tena. Sir akainamisha karatasi kwenye mwanga wa dirisha nikaona kitu ambacho picha ya kwenye kitabu haiwezi kukuonyesha: karatasi ina mabonde na matuta. Karatasi yenyewe imefinyangwa.

Akaniuliza, hapa kuna mabati mangapi? Nikajibu kama mtu mwenye akili, rangi nyingi hivi yatakuwa matano, kila rangi na bati lake, mnalenga pembe zikutane. Maana ndivyo ilivyokuwa inafanyika zamani, na ni mateso, ukikosea kidogo mdomo wa mtu unahamia shavuni. Akasema moja. Bati moja, na limepita kwenye mashine mara moja tu.

Aisee sikumwamini. Nilitingisha kichwa kuwa nimeelewa ila moyoni nasema huyu mzee ananifanya mtoto.

Ngoja niwaeleze huyu Reddy alikuwa nani maana bila hivyo haieleweki alifikaje pale. Kazaliwa 1925 kijijini, wilaya ya Chittoor, Andhra Pradesh, kusini ya India, familia ya wakulima. Akaenda kusoma Santiniketan, kile chuo alichoanzisha mshairi Tagore kule Bengal, mwalimu wake akiwa mchoraji Nandalal Bose, na alikuwa kule miaka ile ya njaa kubwa ya 1943 ambayo iliua mamilioni ya watu Bengal. Baadaye akaenda London, chuo cha sanaa cha Slade, halafu Paris mwanzoni mwa miaka ya 50, akajifunza uchongaji wa sanamu kwa mchongaji Zadkine. Hapo kwenye sanamu ndo penyewe, pakumbukeni. Paris kulikuwa na karakana inaitwa Atelier 17, ya Mwingereza Stanley William Hayter, ambako watu wa nchi mbalimbali walikuwa wanachezea mabati na asidi bila kuulizana nani mkubwa. Wasanii wakubwa kama Picasso na Miró wameshapita kwenye hiyo karakana. Reddy akaingia humo, na Mhindi mwenzake Kaiko Moti wa Bombay, na ndo humo mle wakaigundua njia ya kutia rangi zote kwenye bati moja.

Siri yenyewe ni mafuta. Siri ya kijinga kabisa ukishaijua. Wino wa kuchapia ukiuongezea mafuta ya kitani unakuwa mwepesi na unateleza, usipouongezea unabaki mzito unanata. Sasa ukipitisha kwanza rola yenye wino mwepesi wa mafuta, halafu juu yake ukapitisha rola yenye wino mzito, ule mzito unaukataa ule wa mafuta, haushiki pale, unaenda kushika mahali ambapo mafuta hayajafika. Ni kama unapobandika donge la ngano kwenye kikaango kilichojaa mafuta, halikamati. Kwa hiyo rangi mbili zinapita juu ya bati lile lile na kila moja inabaki na kiwanja chake. Ila ukigeuza mpangilio, ukaanza na mzito ukamalizia na mwepesi, ule mwepesi unalalia juu ya mzito, zinapandana. Na hapo ukitaka zipandane unazipandisha kwa makusudi, usipotaka ndo unapata tope langu.

Niliposikia hivyo nikasema kumbe ni hesabu ya mafuta tu! Nikarudi karakana mbio, nikachukua bati lile lile, nikapima matone ya mafuta kwa sindano ya hospitali kama mfamasia, nikapiga rola. Tope. Tena tope baya kuliko la kwanza.

Hapo ndo Kaka alipokuja. Hakujua Kiingereza, Kihindi changu cha kuombea maji, tukaongea kwa mikono. Akashika kidole changu akakipitisha juu ya bati langu. Akakichukua akakipitisha juu ya bati lingine la zamani lililokuwa limeegemezwa ukutani, kazi ya mwanafunzi fulani wa miaka ya nyuma. Akarudia. Langu lilikuwa kama kioo chenye mikwaruzo. Lile lingine lilikuwa na ngazi, kabisa, kidole kinashuka, kinatua, kinashuka tena, kuna mahali kucha inazama yote.

Nilikuwa nimehangaika na rangi na bati halina kina. Kwenye hii kazi rola ziko mbili. Ngumu inagusa vilele tu, haina uwezo wa kuinama. Laini unaikandamiza inajipinda inashuka mabondeni. Na kabla ya rola zote hizo unakuwa umeshajaza wino kwenye mitaro ya chini kabisa, ukapangusa juu kwa kitambaa kigumu kama chandarua kilichotiwa wanga. Kwa hiyo chini rangi ya kwanza, katikati ya pili, juu ya tatu. Lakini kama hakuna chini wala katikati wala juu, kama bati zima ni uwanja wa mpira, rola ngumu na laini zote zinagusa pale pale, na hata ungepima mafuta kwa mizani ya dhahabu itatoka tope. Reddy aliliweza hili bati kwa sababu alikuwa mchonga sanamu. Mchoraji anafikiria rangi atie wapi, yeye alilichimba bati kama sanamu kwanza, kwa asidi na patasi na mashine za kusaga, rangi ikaja kukaa mahali alipoiandalia.

Hii nimeisema kwa mistari mitatu hapa ila mimi kuielewa ilinichukua muhula mzima, na nikaharibu mabati mawili. La pili niliharibu kwa ujinga wangu na wala sifichi. Zinki inaliwa na asidi ya nitriki, unafunika kwa vanishi ya lami pale usipotaka paliwe, unaliacha bati kwenye beseni, mapovu yanatoka, unayafagia kwa unyoya wa ndege kwa sababu povu likikaa pale chini yake hapaliwi vizuri. Kazi hii haina usingizi, unasimama na unyoya kama mganga. Sasa siku hiyo ilikuwa Simba na Yanga, mechi ya saa kumi na moja jioni nyumbani ambayo kule ni saa moja na nusu usiku, karakana tupu, nikaweka redio kwa intaneti nikaenda kukaa koridoni ambako mtandao unashika. Nikasema naliangalia bati kila dakika kumi. Nililiangalia mara moja. Nimerudi mapumziko, vanishi imebanduka pembeni, asidi imeingia chini yake imekula hovyo, kona moja imetoboka, unaona beseni upande wa pili. Na chumba kizima kina moshi wa kukaba koo. Nilifungua madirisha yote nikakaa nje nakohoa, na kipindi cha pili sikukisikia. Mpaka leo kikitokea kikohozi nyumbani kaka zangu wananiuliza kama ni Simba au Yanga.

Kaka alivyokuja asubuhi hakunigombeza. Alilichukua bati akalitazama kwenye mwanga kupitia lile tundu, akacheka, akaninunulia chai.

Bati la tatu nililifanya wiki sita. Nilichagua kuchimba kizingia, na hapa wapo waliosema namuiga Reddy. Kweli namuiga, lakini kizingia mi nimekikuta kabla ya Reddy. Rufiji kwetu ikijaa kuna mahali maji yanakutana na maji yanajizungusha, juu panaonekana laini tu, pananyamaza, povu na majani yanazunguka polepole kama yako sherehe, na wavuvi wote wanajua hapo hupiti na mtumbwi. Babu yangu mzaa mama alikuwa anavusha watu, na nakumbuka nikiwa mdogo alinionyesha gogo zima la mti limeingia pale limesimama wima, wima kama mtu, halafu likaenda chini. Tukasubiri. Likaja kutokea mbali kabisa huko chini ya mto. Sijawahi kulisahau lile gogo.

Siku moja Sir alileta ile chapa darasani, akauliza hii ni alama ya nini. Ikawa vurugu. Mmoja akasema mandala, ile michoro ya duara ya dini. Mwingine akasema ni ngoma ya Shiva, mungu wa Kihindu, mwingine galaksi, dada mmoja wa Delhi akasema ni tumbo la uzazi. Mimi nikasema gogo, darasa zima likageuka. Nikawaeleza habari ya gogo kwa Kiingereza changu kibovu. Sir hakusema nani kapata wala nani kakosa, ila aliniuliza swali moja, lile gogo lilipokuwa chini, maji juu yalikuwaje? Nikasema yalikuwa yametulia. Akatingisha kichwa kile cha Kihindi ambacho sio ndio wala sio hapana.

Maoni yangu binafsi, na mtu anaruhusiwa kubisha, ni kwamba picha ya Mhindi ikiwa na duara tu watu wanakimbilia mandala na mambo ya dini, kama ambavyo ya Mwafrika ikiwa na uso mrefu lazima iwe kinyago cha mizimu. Reddy alikuwa anatazama vitu vya kawaida sana. Ana chapa za mdudu, za samaki, za yungiyungi, za wimbi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Paris walipoingia barabarani alichora waandamanaji, watu wamesimama wamekuwa kama ukuta wa mwanga. Binti yake alipokuwa anatambaa akamchora anatambaa. Akiwa New York, ambako alifundisha chuo kikuu, miaka ya 80 akashughulika na picha ya mchekeshaji wa sarakasi, akatoa Great Clown, na bati lile moja la mchekeshaji likatoa chapa za rangi tofauti tofauti, hii ina bluu, ile inawaka moto, bati lile lile. Kwangu mimi kama kuna alama kwenye ile Whirlpool basi iko kwenye namna ilivyotengenezwa, rangi zinazokataana zimekaa bati moja na zote zinakwenda kwenye tundu moja. Lakini hayo mimi ndo nayaona, mwenyewe simsemei.

Turudi kwenye wiki sita. Nilikuwa nachimba asubuhi, mchana asidi, jioni nasugua kingo. Mikono ilikuwa na malengelenge, kidole gumba mpaka leo kina kovu la patasi. Wenzangu walikuwa wameshachapa kazi nne nne, kuta zimejaa rangi, mimi sina hata karatasi moja, nina bati tu la kijivu. Watu wakipita wanauliza lini unachapa? Nasema bado. Mwanzoni niliona aibu, baadaye ikawa raha, nikazoea kulipima kwa kufumba macho. Nilikuwa nalipapasa kama kipofu anavyopapasa uso wa mtu, hapa pameshuka, hapa bado, hapa rola laini itafika, hapa haifiki.

Halafu ikaja hesabu ya joto ambayo hakuna aliyeniambia. Gujarat mwezi wa tano ni nyuzi 42, saa nane mchana wino ambao asubuhi ulikuwa mzito umelegea wenyewe kama siagi. Nilipiga chapa ya majaribio saa tatu asubuhi ikatoka vizuri ajabu, nikarudia saa nane kwa vipimo vile vile, tope likarudi. Nilitaka kulia! Kaka akachukua kisu cha kuchanganyia, akachota wino akauinua juu, akaniambia nitazame unavyoshuka. Wa asubuhi unakatika vipande, wa mchana unatiririka uzi mrefu. Yeye alikuwa hapimi kwa tone wala sindano, anapima kwa uzi. Mpaka leo sijawahi kupima wino wowote kwa kitu kingine.

Siku ya kuchapa nilianza saa kumi na moja alfajiri. Karatasi imelowekwa toka usiku imekaa katikati ya taulo. Nikajaza mitaro wino wa bluu nzito, nikapangusa kwa kile kitambaa, nikamalizia kwa kiganja. Rola ngumu, wino mwepesi, njano iliyochomwa, mpito mmoja tu, hurudii, na rola lazima iwe nene ya kutosha imalize bati zima kwa mzunguko mmoja maana ukirudia inaacha alama kama tairi. Rola laini, wino mzito, nyekundu ya udongo. Nikaona kwa macho yangu nyekundu inaikwepa njano, inaikwepa kabisa kama watu waliogombana wanapishana kwenye koridoni, inashuka chini kutafuta pake. Karatasi juu, mablanketi ya sufi juu, Kaka akazungusha gurudumu la mashine polepole.

Nikainua pembe. Sitawadanganya kwamba ilikuwa kama ya Reddy, haikuwa hata robo. Upande wa kushoto ulikuwa mzito kupita kiasi, katikati kuna mahali nilichimba kwa uoga panaonekana uoga. Lakini ilikuwa inazunguka. Bluu ilikuwa chini, nyekundu imekaa kwenye kuta, njano iko juu inateleza, na karatasi ina mabonde. Yule aliyecheka kwa pua akaja akasimama pale muda mrefu, hakucheka wala hakusifia, akaniuliza umechimba kwa patasi namba ngapi. Kwa mtu wa karakana hiyo ndo sifa.

Nilirudi Dar 2016. Na ukweli ni kwamba sina mashine ya echingi, nzito kama ng'ombe na bei yake usiulize. Nachapa tisheti. Kariakoo, skrini na rangi ya maji, harusi, kitchen party, misiba, mwaka wa uchaguzi tunalala dukani. Kule mteja anataka leo, rangi inapakwa juu inakauka anaondoka, na sina dharau na hiyo kazi imenijengea vyumba viwili Chanika. Agosti 2018 grupu letu la WhatsApp la darasa likajaa, Krishna Reddy kafariki New York, miaka 93. Watu wakawa wanatuma picha za chapa zake moja baada ya nyingine, Sir akatuma ile ya droo, kaipiga picha kwa simu, imepinda na kivuli cha kichwa chake kimeingia. Kwenye simu ilikuwa duara la bluu tu, hayo mabonde hayaonekani. Kijana wangu wa dukani akachungulia akasema bosi hiyo logo ya nani?

Lile bati la tatu nililileta kwenye begi la mkononi, nikasimamishwa uwanja wa ndege nikaulizwa ni nini, nikasema sahani. Nikaliweka Utete kwa mama ili lisipotee kwenye kuhamahama kwangu. Mwaka jana nimeenda Idi nakuta liko jikoni, limesimamishwa karibu na masufuria, linang'aa kama kioo. Moyo ukapiga paa. Nikamuuliza mama hili bati limefanywa nini? Akasema nimelisugua na stilwaya na majivu, lilikuwa chafu, limejaa masizi mwanangu mpaka lilikuwa jeusi, nikasema wewe na India yako yote unaniletea kitu kichafu hivi. Yale masizi ndo wino, mabaki ya bluu yangu, miaka yote nilikuwa nimeyaacha makusudi.

Nikalichukua nikaenda nalo mlangoni kwenye mwanga. Juu pote amesugua haswa, hakuna rangi hata chembe. Nikafumba macho nikapitisha kidole kutoka pembeni kuja katikati. Kikashuka, kikatua, kikashuka tena, na pale katikati kucha ikazama yote. Mama akaniuliza sasa hilo linakaangiwa nini, maana chapati linashika kwenye vishimo.